Siku Ambazo Sikupanda Mlimani

Kihonda, Ijumaa mchana

Mwanaidi mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua ya kindugu huanza kwa kumjulia mtu hali. Hali yako ninayo. Asubuhi nimekuona ukila maandazi manne huku ukisema huna hamu ya kula, kisha ukatoka kwenda Bigwa kumuaga bibi yako. Kwa hiyo hapo tumeshapita.

Sitakuandikia habari za sweta, wala chakula, wala pasi ya kusafiria kukaa kwenye begi dogo. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mama, nimekariri." Na huko Uholanzi mimi sijafika, nitakuelekeza nini? Nchi ambayo wewe mwenyewe umeniambia iko chini ya bahari na watu wake wanalala usingizi vizuri tu. Nimekaa hapa jikoni, baba yako yuko zamu kiwandani, nyumba imetulia, na nina jambo moja la kukuambia kabla treni ya kesho haijakuchukua. Ni jambo baya. Nimelizunguka miaka mingi. Leo nataka nilifikie, ila uniache niende kwa mwendo wangu.

Nianze na ghala.

Wewe ulilikuta chuoni linafanya kazi, ukaliona ni kitu cha kawaida kama bomba la maji. Mimi nililiona likiingia. Kabla yake idara yetu ilikuwa vituko vitupu. Ripoti moja ilikuwa na mafaili tisa: "Ripoti ya mwisho", "Ripoti ya mwisho kabisa", "Ripoti ya mwisho ya kweli", na moja niliyoipa jina mimi kwa hasira, "Hii ndiyo, msiguse". Wakaigusa. Kila mtu alikuwa na yake kwenye flashi yake, na siku ya kuipeleka kwa wakubwa watu walikuwa wanagombana koridoni nani anayo iliyo sahihi.

Ndipo akaja Bwana Kessy, yule Mchaga wa kitengo cha Tehama mwenye sauti ndogo, akatuita semina. Akasema chuo kimeanzisha mahali pamoja pa kuhifadhi maandishi ya idara zote na programu za wanafunzi wa kompyuta. Jina lake lilikuwa refu na la Kizungu, sisi tukaliita ghala, na mpaka leo ni ghala. Ukiweka andiko lako humo, linakaa. Ukilibadilisha, la zamani haliondoki, linabaki zima na jipya linawekwa juu yake. Na kabla ya kupokea badiliko lolote linakuuliza: umebadilisha nini, na kwa nini? Usipoandika sababu, hupiti. Ukishaandika, linagonga jina lako, tarehe, na saa mpaka dakika. Hata miaka kumi baadaye, mtu akitaka kujua mstari fulani uliingiaje, anabofya tu, anamwona aliyeuweka na alichosema siku hiyo.

Akafungua ukutani ripoti yetu ya mito, akawa anairudisha nyuma hatua kwa hatua. Maneno yaliyotolewa yanaonekana kwa rangi nyekundu, yaliyoingizwa kwa kijani. Ripoti ikawa inapungua, inapungua, mpaka tukafika siku ilipokuwa kichwa cha habari na sentensi moja. Wallahi nilishika mdomo. Nimechapa maandishi ya watu miaka na miaka, sikuwahi kuliona andiko siku yake ya kuzaliwa.

Lakini kilichonishika zaidi hakikuwa hicho. Hatua moja ya katikati ilikuwa ya Dokta, mkuu wetu wa idara, yule ambaye hata shikamoo yake mtu unaitoa umesimama wima. Pale penye sababu alikuwa ameandika: "Nilikosea hesabu ya eneo la bonde. Nimerekebisha." Na jina lake kamili. Hakuna aliyecheka. Bwana Kessy akasonga kwenye hatua inayofuata bila hata kusita. Mimi nikabaki pale pale. Dokta amekosea, kosa lake liko wazi kwa rangi nyekundu, idara nzima inaliona, na yeye amekaa kiti cha mbele anakunywa maji yake ya chupa, na ripoti imekuwa nzuri zaidi.

Nikamkumbuka mwalimu wetu wa madrasa akitusimulia malaika wawili wa mabegani, wanaoandika kila tunalotenda. Astaghfirullah, silinganishi. Ila niliogopa vile vile. Maana mimi, mwanangu, nilikuwa na kitu changu, na pale pale nilijua kwamba siku moja kitaingia humo ghalani kikiwa na jina langu.

Sasa nisikilize.

Ulipokuwa mdogo, kabla hatujahamia huku, tuliishi kwa bibi yako Bigwa, na kazi yangu ya kwanza chuoni ilikuwa kusoma kipima mvua kule juu mlimani. Unakijua: ule mtungi wa bati uliozungushiwa senyenge, katikati ya migomba na maharage. Kila siku saa tatu kamili asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, nilitakiwa niwe pale, nitoe maji, niyamimine kwenye kioo cha kupimia, nisome milimita, niandike daftarini, nirudishe mtungi mtupu. Kutoka kwa bibi mpaka kule ni saa moja na nusu ya kupanda, na kama kumenyesha, ongeza.

Niliipenda kazi ile, usifikiri vingine. Ukungu ukifunguka unauona mji mzima uko chini, mabati yanawaka kwa jua, na juu yako Uluguru bado inaendelea kupanda, nyeusi kwa msitu, maji yanalia kila upande na huyaoni. Nilikuwa nasimama pale na kioo mkononi, moyo unanidunda. Mlima wote ule, maji yote yale yanayonywesha mji na kuteremka mpaka pwani, na mtu aliyepewa kuyapima ni mimi, mtoto wa Bigwa niliyemaliza kidato cha nne kwa alama za kuombea dua.

Masika ya mwaka ulipokuwa na miaka mitano ukaumwa. Homa ilikupanda mpaka ukawa unaita watu wasiokuwepo. Nilikaa na wewe wodini siku tatu. Nani apande mlimani? Tuliporudi nyumbani nikalifungua daftari, mistari mitatu iko mitupu. Utaratibu ulikuwa mwepesi kabisa: siku ambayo hukusoma, andika "hakuna kipimo". Basi. Lakini nilikuwa mgeni kazini, naogopa kufukuzwa. Nikakaa kizingitini kwa bibi, nikayakumbuka mawingu niliyoyaona kwenye dirisha la wodi, nikaandika kumi na mbili, nane, ishirini na moja. Kesho yake nikapanda, nikayakuta maji ya siku zote hizo yamejikusanya mtungini, nikayamwaga migombani.

Hakuna aliyeniuliza. Nilingoja wiki, nikangoja mwezi. Baadaye nikaongopa kwa sababu njia ilikuwa utelezi. Baadaye kwa sababu kulikuwa na harusi. Baadaye kwa sababu nilichoka tu, sina cha kusingizia. Nilikuwa nasimama uani, naangalia mlima umekuwa mweusi kiasi gani, naandika namba. Chini ya kila namba ya uongo nikaweka nukta ndogo ya penseli, nikijidanganya kwamba ipo siku nitazirekebisha.

Na unajua kilichofuata? Nilisifiwa! Dokta alilishika daftari langu mbele ya wasomaji wa vituo vingine, akalipekua, akasema, "Mtazameni Mama Mwanaidi. Daftari lake halina pengo hata moja." Wenzangu wenye mapengo, waliokuwa wakweli, wakainamisha vichwa. Mimi nikatabasamu, nikasema ahsante. Ni kwa daftari lile nilipelekwa ofisini na kufundishwa kompyuta, na huko mlimani ikawekwa mashine inayopima yenyewe.

Kisha ndipo likaja ghala. Dokta akataka madaftari yote ya mvua yaingizwe humo, na nani wa kuyachapa kama si mwenye mwandiko wake? Nikachapa. Kila nilipofika penye nukta nilisimama, nikautazama mlango, nikachapa namba, nukta nikaiacha kwenye karatasi. Ghala likaniuliza kama linavyowauliza wote. Penye sababu nikaandika: "Takwimu za mvua, zimekamilika." Likagonga jina langu. Lipo mpaka leo, ukitaka nenda kaone.

Halafu ukaja wewe.

Ulirudi nyumbani mwaka wako wa mwisho unaruka mlangoni, hata viatu hukuvua. "Mama, nimelikuta jedwali lako ghalani! Jina lako lipo!" Ukanifungulia kompyuta yako, nikaona programu yako imekaa pembeni ya jedwali langu, mama na mwana, majirani. Ukanieleza kwamba unaifundisha kompyuta mvua za mlimani na kina cha mto kule chini, ili iweze kuwaambia watu wa mabondeni mapema kwamba maji yanakuja. Nilikuwa nautazama mdomo wako, nusu ya maneno siyaelewi. Nilikuwa najiuliza: huyu kweli nimemzaa mimi? Huyu niliyekuwa namchapa vidole aache kula udongo?

Toka siku hiyo, ofisini, nikipata nafasi, nilikuwa naingia ghalani kukutazama. Usinikasirikie kwa hilo, yapo makubwa zaidi ya kunikasirikia. Ulikuwa umejitengea nakala yako pembeni, unaibomoa na kuijenga utakavyo, na ile ya wote haiguswi. Hatua zako zilikuwa nyingi mno, na kila moja umeandika sababu. "Nimejaribu, haifai." "Nimerudi nilikotoka." "Nafikiri nimeliona!" Nilizisoma zote, kuanzia ya kwanza. Sijui mzazi gani mwingine amewahi kupewa zawadi ile, kumwona mwanawe anavyofikiri, anavyoanguka na kuinuka, dakika kwa dakika. Kuna siku nililia pale mezani, nikamwambia mwenzangu ni vumbi la mafaili.

Ndipo nikaanza kukutana na nyingine. "Tarehe hii mto umepanda lakini mvua ni ndogo. Sijui nakosea wapi." "Nimekagua tena. Kosa bado ni langu." "Labda kazi hii si ya kwangu." Hiyo ya mwisho uliiandika wewe, Mwanaidi, saa tano na nusu asubuhi. Nilienda kabatini, nikatoa daftari la mwaka huo, nikaitafuta tarehe. Ilikuwa na nukta.

Jioni ile ulikuja hapa hapa jikoni, macho mekundu. "Mama, kuna siku haziingii akilini kabisa. Programu yangu mbovu." Na mimi nikafanya nini? Nikakumiminia chai. Nikasema, "Kazana mwanangu, utaweza tu." Wiki tatu ukahangaika kutafuta kosa kwenye kazi yako, na kosa limekaa mbele yako linakuongezea sukari. Kuongopa namba ni kubaya, najua. Lakini kukuacha ujione mjinga ili mimi nibaki na sifa ya daftari lisilo na pengo, hilo ndilo linalonichoma. Hilo nakuomba radhi kwa magoti, ingawa kwa sasa nimekaa kwenye stuli.

Ukapata njia ya kuipitisha, wewe ni wewe. Ukafaulu, wa Uholanzi wakaiona kazi yako, wakakuita. Na sasa ofisi ya kata inataka kuitumia programu hiyo masika haya haya, kuwapigia watu simu maji yakianza kupanda. Bibi yako anakaa karibu na mto kiasi kwamba akikohoa uani vyura wananyamaza. Nilipolisikia hilo la kata nilijua siwezi kuficha tena.

Basi leo asubuhi, ulipotoka tu kwenda Bigwa, nimekwenda kwa Dokta na madaftari yote mkononi. Nikamwonyesha nukta moja baada ya nyingine. Alivua miwani, akaanza kuzihesabu nukta upya kwa kidole, mpaka nikatamani anigombeze. Mwishowe akasema, "Ningefurahi kama ungeniambia mwaka ule." Kuhusu kazi yangu amesema tutaongea Jumatatu. Kisha akaniuliza, "Mwanaidi anajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Rekebisha ghalani, kwa jina lako. Na kwa kuwa yeye ndiye mwenye programu inayotumia namba hizi, yeye ndiye atakayekagua na kukubali."

Nikamwendea Bwana Kessy anisaidie, madaftari nimeyakumbatia kifuani. Ana roho nzuri, aliponiona vile akasema kwa ile sauti yake, "Mama, si lazima ueleze sana. Ukiandika 'marekebisho madogo' inatosha, ghala litapokea." Nilifikiri, nakwambia ukweli. Nilifikiri dakika nzima. Halafu akanijia akilini yule Dokta wa siku ya semina, na maji yake ya chupa, na jina lake ukutani.

Tumezitoa zote zenye nukta, kila moja tukaweka "hakuna kipimo". Jedwali langu zuri likawa na matundu kila mahali. Daftari moja lilikuwa limelowa miaka mingi iliyopita, penseli imefutika, na kuna wiki moja ambayo sikuweza kujua ipi ni ya kweli na ipi nimeitunga. Nikaitoa yote, siku saba. Sikujiamini tena hata kwa moja. Penye sababu nikaandika: "Siku hizi sikupanda mlimani. Namba nilizitunga mwenyewe, nikanyamaza. Programu ya Mwanaidi haikuwa na kosa." Nikabonyeza. Ghala likagonga jina langu na saa sita na dakika kumi.

Nikarudi nyumbani kukuandikia barua hii nikupe mkononi ukitoka Bigwa, ili ulisikie kwangu kwanza, taratibu, kabla hujaliona huko.

Haya, sasa cheka. Nimefika hapa kwenye ukurasa wa tano, simu yangu ikalia. Ni ghala. Nilikuwa sijui, na Kessy hakuniambia, kwamba likipokea ombi la kukaguliwa linampelekea mkaguzi taarifa hapo hapo. Kumbe wakati nakuandikia habari za maandazi, wewe umeshasoma kila kitu ukiwa uani kwa bibi. Na umeshajibu. Ilibidi niiweke simu mezani kwanza, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Nayanakili hapa maneno yako, maana nataka yawepo na kwenye karatasi:

"Mama, nimesoma. Nimekaa kwanza, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Wiki tatu, mama. Nimekasirika, na nadhani nitakuwa nimekasirika mpaka ndani ya treni. Wa Uholanzi nitawaandikia mimi mwenyewe leo, programu nitaifundisha upya, na kata nitawaambia wasubiri. Nakubali yote uliyoyatoa isipokuwa mstari mmoja. Ile wiki ya daftari lililolowa, Alhamisi yake usiitoe. Siku ile ulipanda. Bibi alikuwa msibani, ukanibeba mgongoni, mvua ikatupiga njia nzima. Kule juu ulinishikisha kile kioo, ukaniambia nisome mwenyewe. Ilikuwa ishirini na saba. Ndiyo namba yangu ya kwanza kubwa kuisoma maishani. Irudishe."

Mwanaidi, mimi siku hiyo siikumbuki. Nimejitahidi, siikumbuki hata kidogo. Nimekwenda kulitoa daftari mkobani, nikalipeleka dirishani penye mwanga, nikaitazama karatasi ilivyojikunja. Penye Alhamisi wino umetanda, lakini mbili ipo, na saba ipo.

Nimeirudisha sasa hivi, kwa simu, kidole kimoja kimoja. Ghala limeniuliza sababu. Nimeandika: "Hii ni ya kweli. Aliyesoma ni Mwanaidi."

Mama yako